Mashine Iliyosikia Vidoko

Blanketi jipya lina harufu yake. Ni harufu ya nailoni iliyokaa muda mrefu ndani ya mfuko wenye zipu, inawasha pua kidogo, na mtu aliyekulia Dodoma anaijua kwa sababu kila upepo wa Juni unapoanza kupenya chini ya milango, nyumba moja mtaani hununua blanketi na majirani huja kulishika wakisema, “Hili zito, hili.” Juzi niliingia supamaketi moja huku kwetu Nzuguni kutafuta sabuni ya kufulia. Nikapita kwenye mablanketi, mfuko mmoja ulikuwa umeachia zipu, harufu ikanipata nikasimama. Mama yangu tumemzika mwaka huu, na tangu hapo vitu vidogo vidogo hunikamata njiani namna hiyo. Nimeacha kushindana navyo.

Nikalichukua lile blanketi, ingawa nyumbani ninayo ya kutosha. Kikaratasi cha kwenye shelfu kilitaja bei moja, na nilipofika kaunta mashine ikataja nyingine, kubwa zaidi. Nikauliza. Dada wa kaunta akanijibu bila kuinua macho, “Mashine ndiyo inasoma hivyo, dada.”

Jibu hilo nilianza kulisikia nikiwa sijafika hata kimo cha kaunta. Nyinyi wenzangu wa rika langu mtakumbuka jinsi tulivyonunua vitu kabla ya hapo. Tulikwenda kwa Mangi, yule Mchaga wa duka la mtaani lenye wavu wa chuma, unataja unachotaka, unatajiwa bei, unalalamika kidogo kwa adabu, unalipa. Bei ilikaa mdomoni mwa Mangi. Halafu kule mjini likafunguliwa duka kubwa lililoandikwa mlangoni “Mteja ni Mfalme”, ambamo mtu anajichukulia mwenyewe, na kila kitu kina kikaratasi chake, na mwisho wa yote inakaa mashine yenye jicho jekundu. Dada wa kaunta akipitisha kitu mbele ya jicho, inalia ti! na tarakimu za kijani zinaruka. Mimi niliipenda na kuiogopa kwa pamoja.

Nyumbani tulikuwa watatu. Baba alikuwa fundi mwashi, Mgogo wa Mpwapwa. Mama alikuwa Msandawe wa kule Kwa Mtoro, wilaya ya Chemba, na mjini alifanya usafi kwenye gesti. Baba na mama waliongea Kiswahili. Mimi na mama tuliongea Kisandawe. Baba hakukielewa, na tukizidisha alikuwa akiweka kikombe chini na kusema, “Haya, nimeshasengenywa vya kutosha.” Kwa asiyekijua, Kisandawe kina vidoko, ile milio ya ulimi ambayo watu wengine huipiga wakisikitika au wakimfukuza punda. Kwetu ni herufi kama herufi nyingine. Shuleni wenzangu waliniambia naongea kama mtu anayemung'unya pipi, na mimi sikuona tatizo lolote na pipi.

Mama alikuwa na kawaida ya kujumlisha kichwani kadiri tulivyokwenda na kikapu, ili afike kaunta na hela imeshatengwa mkononi. Siku ile ya kwanza tulikuwa na sukari, mafuta na sabuni. Kaunta pamepangwa pipi, nami nikanyoosha mkono. “Usiguse,” mama akaniambia kwa Kisandawe, na ndani ya sentensi ile mlikuwa na kidoko, na palepale mashine ikalia ti! Tarakimu zikaruka. Niliona kwa macho yangu. Kisha dada wa kaunta akataja jumla, na jumla ilikuwa kubwa kuliko hela aliyoitenga mama. Mama alikuwa mtu ambaye akishtuka huniambia mimi kwanza kabla ya wageni. Akaniinamia, akasema polepole kwa Kisandawe, “Mbona imezidi?” Ti! ikalia mashine, kwa kuwa kipande cha sabuni kilikuwa kimebaki, akalazimika kufungua tena fundo la kitenge na kuongeza.

Hakumuuliza mtu. Kiswahili cha mama kilikuwa kizuri, ila kilichelewa kufika watu wakiwa wamepanga foleni nyuma yake. Mimi lakini nilikuwa nimeshaelewa yote. Mashine ile inasikia. Inasikia vidoko, inadhani ni mwenzake anaita, na kila inaposikia inaongeza hela.

Mnacheka, lakini nilifanya uchunguzi. Wiki iliyofuata nilikwenda na baba kununua mkate. Baba alitania na dada wa kaunta kwa Kiswahili na kwa maneno mawili matatu ya Kigogo, mashine ikalia, na mkate ukawa bei ileile iliyoandikwa shelfuni. Ushahidi ulikuwa umetimia. Nilirudi nyumbani nikimwonea mama huruma hadi nikashindwa kuula ule mkate.

Kwa nini sikumwambia? Nimejiuliza hilo mara nyingi. Nadhani niliona ni habari mbaya mno kumpa mtu mzima. Utamwambiaje mama yako kwamba lugha anayokubembelezea inapandisha bei ya sukari? Nikaona bora nimkinge. Tulipokwenda tena mjini, nilimvuta kitenge mlangoni, palepale kwenye “Mteja ni Mfalme”.

“Mama, humu ndani usiniongeleshe.”

“Kwa nini?”

Nilitaka jibu fupi, lisilotaja mashine, maana tulikuwa karibu nayo. “Wanasikia,” nikasema.

Mama akanitazama. Akawatazama watu waliokuwa wakiingia na kutoka na mifuko yao. “Haya,” akasema, kwa Kiswahili. Humo ndani alinionyesha vitu kwa kidole. Na ajabu, siku ile hela ilitosha. Nikatoka kifua mbele, mtoto niliyeokoa familia.

Jioni hiyo mama aliniita kwa Kiswahili nikaoge. Nilidhani kapitiwa. Asubuhi akaniamsha kwa Kiswahili, akanisuka kwa Kiswahili. Nikaanza na mimi kumjibu kwa Kiswahili, kwa kuwa mtoto hujibu kwa lugha aliyoulizwa. Baba alifurahi mwanzoni, kwamba sasa anasikia yote, kisha akaona hakuna cha kusikia. Kiswahili cha mama kilikuwa cha sokoni na cha gesti. Kilijua bei, mashuka, funguo, samahani na karibu tena. Hakikujua kunitania. Hakikujua majina yangu yote yale ya ajabu aliyokuwa akinipa akinipaka mafuta, na alipojaribu kunibembeleza nilipougua malaria aliniambia, “Pole. Utapona,” akakaa kitandani pangu kimya, mkono wake tumboni kwangu. Nilijua ananipenda. Nilimkumbuka, hata hivyo, naye amekaa hapohapo.

Nilidhani ni yeye aliyechagua. Nilidhani pengine na yeye ameijua siri ya mashine na sasa anaona heri kuiacha lugha kabisa, kama mtu anavyoacha sukari.

Hali ikaendelea hivyo hadi Bunge la bajeti lilipoanza. Dodoma ya wakati ule Bunge likiingia hata mchicha ulijua. Gesti zilijaa, mama alirudi nyumbani mgongo ukimuuma, na bei ya kila kitu ilipanda ngazi. Ukiuliza unaambiwa, “Bei ya Bunge hiyo,” na hakuna aliyeshangaa. Baridi nayo ikaanza. Ikaja habari kwamba bibi, mama yake mama, anakohoa usiku. Mama akaanza kuweka akiba ya blanketi. Alikwenda dukani kabla, akaliona, akanipeleka kesho yake nimsomee kikaratasi ahakikishe. Nikasoma: elfu kumi na nane. “Soma tena,” akasema, nikasoma tena.

Hapa nieleze jambo moja la kwao mama. Babu yangu alirina asali, na siku za mnada, soko la vijijini, alikaa na ndoo yake na kijiti. Mteja akija, babu anataja bei kwanza, kisha ndipo anachovya kijiti na kumwonjesha. Akishaonja, bei imefungwa. Inaweza kushuka, hilo ni la kupatana, lakini haipandi, hata lori zima la wanunuzi likisimama nyuma ya huyo mmoja. Nilishamwona babu akimuuzia mzee mmoja asali kwa bei ya asubuhi ilhali wengine walishafikisha maradufu, kwa sababu tu mzee yule alionja kabla hajaenda kuchukua hela kwake. Kwao hilo halikuwa jambo la kusifiwa. Aliyepandisha bei baada ya kuonjesha ndiye aliyesemwa vibaya.

Basi hela ilipotimia tukaenda. Mama alivaa kitenge chake cha kanisani. Mlangoni hakuhitaji kukumbushwa, alishaufunga mdomo tangu tuliposhuka kwenye basi. Tukalichukua blanketi, la maua mekundu, tukasimama kwenye foleni, nami moyoni namwomba Mungu mama asikohoe. Hakukohoa. Dada wa kaunta aliposema “Karibu mama” mama aliitikia kwa kichwa. Blanketi likapita mbele ya jicho jekundu.

Ti!

“Elfu ishirini na mbili, mama.”

Mama alizitazama zile noti mkononi mwake. Zilikuwa zile tu, hakuna nyingine kwenye fundo zaidi ya nauli, na basi la kulipeleka blanketi kwa bibi, Kwa Mtoro, lilikuwa la alfajiri kesho yake. Nilimwona anaanza kulirudisha blanketi nyuma, taratibu, kwa viganja viwili, kama mtu anayemlaza mtoto. Hapo nikapasuka.

“Lakini mama hajaongea!” nikapiga kelele. “Hajaongea hata kidogo! Mbona imezidi?”

Foleni nzima ikageuka. Dada wa kaunta akauliza, “Huyu mtoto anasemaje?” Nami kwa ule woga Kiswahili kikanikimbia, nikamgeukia mama na kusema kwa Kisandawe, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya mlangoni, “Mama, umenyamaza, na bado imezidi!”

Sijui mama alielewa nini katika dakika ile. Nadhani hakuelewa mashine wala vidoko. Alisikia tu kwamba nimemwita kwa lugha yake, mbele za watu, kwa sauti ya juu kuliko sauti zote humo ndani. Aliniwekea mkono kichwani. Halafu akamgeukia dada wa kaunta, na Kiswahili chake siku hiyo hakikuchelewa.

“Dada, kule ndani mmeandika kumi na nane.”

“Mashine ndiyo inasoma hivyo, mama.”

“Kile kikaratasi kilibandikwa na mashine?”

Mtu mmoja kwenye foleni akacheka. Mama akaenda hadi kwenye shelfu, akakibandua kikaratasi kwa ukucha, akarudi akakilaza mbele ya dada yule, juu ya pipi. Mwenye duka akaitwa, mzee mmoja mpole wa miwani.

“Mama yangu,” akasema, “Bunge limeanza. Mzigo umepanda. Kwenye mashine tumebadilisha, karatasi bado hatujapata nafasi. Basi tugawane hasara, toa ishirini.”

“Shikamoo, baba,” mama akasema, maana alikuwa hajamwamkia. Alipoitikiwa akaendelea. “Sijaja kupatana. Ningetaka kupatana ningekwenda mnadani. Kwetu asali ikishaonjwa bei haipandi. Nyinyi mmenionjesha kumi na nane. Nimelala nayo, nimeamka nayo, nimepanda basi nayo.”

Nyuma yetu alikuwepo mama mmoja aliyevaa suti na kitambulisho cha Bunge shingoni, mwenye Kiswahili laini cha watu wa Pwani. Alikuwa ameshalipa kwenye kaunta ya pili na anangoja mwenzake. Akafungua mfuko wake. “Hebu subirini,” akasema, “haya mafuta yangu kule yameandikwa ngapi?” Akaenda kuangalia, akarudi na risiti mkononi, nyusi juu. “Yamezidi! Na sabuni imezidi! Jamani, huku ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia.”

Wengine wote wakaanza kufungua mifuko. Mimi nilikuwa nimemkodolea macho yule mama wa Bunge, namtazama mdomo. Aliongea sana, alikuwa na hasira, na ndani ya maneno yake yote hapakuwa na kidoko hata kimoja. Na mashine ilikuwa imemtoza na yeye. Nikashika ukingo wa kaunta, sijui kwa furaha au kwa aibu.

Mwenye duka alivua miwani, akaifuta, akaivaa. “Mpe kumi na nane,” akamwambia dada wa kaunta. “Na huyu mama mrudishie. Halafu kabadilishe karatasi zote sasa hivi.” Tulipokuwa tunatoka, kijana mmoja alishapanda juu ya ndoo, anapandisha bei za mablanketi yaliyobaki.

Nje mama alikaa kwenye ngazi za duka na blanketi mapajani. Kisha akaniuliza, kwa Kisandawe, “Ulisema nini mle? Kwamba sijaongea?”

Nikamweleza yote. Jicho jekundu, pipi, sabuni, mkate wa baba. Alinisikiliza hadi mwisho uso ukiwa mkavu, halafu akaanza kucheka, akacheka hadi akaegemea ukuta, akajifuta machozi kwa pindo la kitenge. Aliendelea kuyafuta hata kicheko kilipokwisha.

“Nilidhani unanionea haya,” akasema.

Nilikuwa sijawahi kufikiri kwamba mtu anaweza kumwonea haya mama yake. “Nilikuwa nakutunzia hela,” nikamwambia.

“Na nyumbani? Nyumbani nako kulikuwa na mashine?”

“Wewe ndiye uliyeacha. Nilidhani hutaki.”

Mama akanivuta, akaniweka juu ya lile blanketi na mfuko wake, nami nikasikia ile harufu ya nailoni na harufu ya shingo yake kwa pamoja. Akaniita jina moja kati ya yale majina ya ajabu. Siwezi kulitafsiri, na hata ningeweza, nisingelitoa hapa. Niliumia sana na nilifurahi sana, na hadi leo sijui kilichozidi. Watu walitupita ngazini wakiingia na kutoka. Mama aliongea njia nzima ya kurudi nyumbani, na mimi niliongea, hadi kondakta akatuambia tunamchanganya na chenji.

Bibi alilipokea blanketi, akalinusa, akasema linanuka kama duka, akalala nalo usiku uleule. Kikohozi kiliondoka na baridi. Mama akaendelea kununua mahitaji yetu katika duka lile, ila sasa alijipanga kabisa. Vitu vikianza kupita mbele ya jicho jekundu, ananiongelesha makusudi, habari zisizo na maana yoyote, akichagua maneno yenye vidoko vingi, na mashine ti! ti! ti! na sisi tunatazamana tukibana vicheko. Dada wa kaunta alituzoea. Na kikaratasi kikitofautiana na mashine, mama alirudi kukibandua.

Utani ule ulitudumu ukubwani. Nilipopangisha chumba na mwenye nyumba akapandisha kodi, nilimpigia mama simu kulalamika, akauliza, “Ulikuwa umeongea?” Nauli ikipanda, “Lazima uliongea.” Hata alipokuwa hospitali, dawa zikigharimu kuliko tulivyoambiwa, alinigusa mkono na kuninong'oneza, “Nisamehe, nimeongea usingizini.” Nilicheka nikatoka nje ya wodi.

Ndiyo maana juzi, dada yule aliposema mashine ndiyo inasoma hivyo, nilibaki nimesimama. Mkono ulishaingia kwenye pochi kutafuta simu, unajua namna mkono unavyofanya, kabla sijakumbuka kwamba hakuna wa kuniuliza kama nimeongea. Na ukweli ni kwamba sikuwa nimeongea. Bibi hayupo, babu hayupo, binamu zangu wa Kwa Mtoro tunaandikiana meseji kwa Kiswahili. Tangu tumzike mama, Kisandawe changu kimekaa kimya kama yeye alivyokaa kimya miezi ile, kikingoja mwingine aanze kuongea.

“Utalipia, dada?” Watu walikuwa nyuma yangu.

Nikafungua mdomo nikasema, kwa sauti, kidoko kikiwa mahali pake, maneno yale aliyoniinamia kuniambia mbele ya pipi: Mbona imezidi?

Dada wa kaunta akainua macho kwa mara ya kwanza. “Umesemaje?”

“Nisubiri kidogo,” nikamwambia, nikarudi kwenye shelfu kubandua kikaratasi. Nikiwa nakikwangua kwa ukucha niliigeukia mashine kule mbele. Ilikuwa imetulia na jicho lake jekundu, haijaongeza hata senti. Laiti ingekuwa kweli. Laiti ingekuwa inasikia na inatoza, ningeweka pochi nzima pale kaunta na kumwambia mama aongee.